Kuchelewa kwa kazi za mkupuo katika IBM i

Kuchelewa kwa kazi za mkupuo ni hali ambapo kazi ya kompyuta iliyopangwa kufanyika bila mtu mbele ya skrini inachukua muda mrefu kuliko kawaida, au haianzi kwa wakati wake, bila sababu inayoonekana mara moja. Maofisini wengi huziita kazi za bechi. Mifano yake ni kukokotoa riba, kufunga hesabu za siku, kuandaa mishahara, kuchapa ankara na kuhamisha data kwenda mfumo mwingine. Makala hii inahusu tatizo hilo katika IBM i, mfumo wa uendeshaji wa kompyuta za biashara uliotokana na mashine ya AS/400, ambao hutumiwa na benki, viwanda, kampuni za bima na za usafirishaji katika nchi nyingi.

Ugumu wa tatizo hili ni kwamba kazi iliyochelewa mara nyingi haina kosa lolote. Programu ni ileile ya jana, data imeongezeka kidogo tu, na mwisho wake kazi inakamilika na kutoa majibu sahihi. Kilichobadilika ni muda tu: kazi ya dakika 40 imechukua saa tatu.

Umuhimu wake

Kazi za mkupuo hupangwa usiku kwa sababu mchana mashine inawahudumia watumiaji. Usiku huo una mwisho. Kampuni inayofunga ofisi jioni na kufungua asubuhi inaweza kuwa na nafasi ya kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, na ndani ya nafasi hiyo kazi hufuatana kama mnyororo: hesabu za siku zifungwe kwanza, riba ikokotolewe baada yake, ripoti zitoke mwisho, kisha nakala rudufu zichukuliwe. Kazi moja ikichelewa, zote zilizo nyuma yake zinasogea mbele. Wateja wanafika asubuhi na kukuta salio la jana, au mishahara haijaingia.

Ukubwa wa madhara ulionekana Uingereza mwezi Juni 2012, wakati programu ya kupanga kazi za mkupuo katika benki za kundi la Royal Bank of Scotland ilipovurugika baada ya kusasishwa. Mashine zilizohusika hazikuwa za IBM i bali kompyuta kuu, lakini mnyororo ulikuwa wa aina hiyohiyo: kazi za usiku hazikumalizika, zikarundikana, na kuziondoa kulichukua muda mrefu. Wateja zaidi ya milioni 6.5 nchini humo waliathirika, wengine wakishindwa kupata fedha zao au kulipa madeni kwa wakati. Mwaka 2014 wasimamizi wa sekta ya fedha walizitoza benki hizo faini ya jumla ya pauni milioni 56.

Asili ya mfumo

IBM ilitangaza AS/400 tarehe 21 Juni 1988. Mashine hiyo ilibuniwa Rochester, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, na ilirithi mengi kutoka System/38 ya mwaka 1978 na System/36 ya mwaka 1983. Jina limebadilika mara kadhaa: iSeries mwaka 2000, System i mwaka 2006, na tangu 2008 mfumo wa uendeshaji wenyewe unaitwa IBM i na hufanya kazi kwenye mashine za Power. Waendeshaji wa zamani bado husema "AS/400" bila kujali jina jipya.

Tabia mbili za mfumo huu zinahusika na ucheleweshaji. Kwanza, hifadhidata imejengwa ndani ya mfumo wenyewe, kwa hiyo karibu kila kazi ya mkupuo ni kazi ya kusoma na kuandika rekodi. Pili, mfumo una utaratibu wa kina wa kugawa kazi katika makundi yanayoitwa mifumo midogo. Kazi za skrini kwa kawaida huendeshwa katika mfumo mdogo wa QINTER, na za mkupuo katika QBATCH. Kila mfumo mdogo una foleni zake, fungu lake la kumbukumbu na vikomo vyake. Utaratibu huo ni mzuri, lakini una sehemu nyingi ambazo kazi inaweza kusimama bila mtu kuona.

Kufanya kazi na kungoja

Swali la kwanza mbele ya kazi iliyochelewa si kama mashine ina nguvu za kutosha. Ni kama kazi inafanya kazi au inangoja. Watu wengi huruka swali hili, wakaongeza kumbukumbu au kupandisha kipaumbele cha kazi, na kesho yake tatizo likarudi.

Amri ya WRKACTJOB inaonyesha kazi zote zilizo hai, muda wa kichakataji uliotumiwa na kila moja, na hali yake. Tuseme kazi imeanza saa tatu zilizopita na imetumia dakika nne za kichakataji. Kazi hiyo haikuelemewa na mahesabu. Karibu muda wote ilikuwa inangoja kitu. Kichakataji chenye kasi maradufu kingeiokolea dakika mbili tu. Kinyume chake, kazi iliyotumia saa mbili na nusu za kichakataji katika saa tatu kweli ilikuwa inafanya kazi, na swali linakuwa kwa nini ina kazi nyingi kuliko jana.

Safu ya hali huonyesha aina ya kungoja. RUN maana yake kazi inaendelea, ingawa ndani yake huenda inasubiri diski. LCKW ni kungoja kitu kilichofungwa na kazi nyingine. MSGW ni kungoja jibu la mtu. DEQW ni kungoja data katika foleni ambayo programu nyingine inapaswa kuijaza. DLYW ni kungoja saa fulani ifike, kwa sababu programu yenyewe imeagiza hivyo. Kutazama mara moja hakutoshi, kwa kuwa kazi hubadilisha hali mara nyingi kwa sekunde. Mwendeshaji mzoefu hubonyeza F10 kuanza hesabu upya, hungoja dakika moja au mbili, kisha hubonyeza F5 na kuona ni nini kilichotendeka katika muda huo mfupi.

Njia nyingine rahisi, ambayo haitumiki vya kutosha, ni kuangalia faili zilizofunguliwa na kazi hiyo kwa chaguo la 14 la WRKJOB. Hapo kuna hesabu ya rekodi zilizosomwa na kuandikwa kwa kila faili. Hesabu ikipanda kila ukionyesha upya skrini, kazi inasonga, na kasi yake inaweza kukadiriwa. Hesabu ikisimama palepale, kazi imekwama. Ikipanda haraka kwenye faili moja kubwa ambayo kwa kawaida husomwa rekodi chache tu, basi njia ya kuifikia data imebadilika.

Kazi ambayo haijaanza

Sehemu kubwa ya malalamiko kwamba "kazi imechelewa" huhusu kazi iliyokaa foleni. Kila kazi ina nyakati mbili zinazoonekana kwenye maelezo yake ya hali: wakati ilipoingia mfumo na wakati ilipoanza. Pengo kati ya nyakati hizo ni muda wa foleni, na programu haihusiki nalo hata kidogo.

Foleni inapounganishwa na mfumo mdogo, mfumo huweka kikomo cha kazi zinazoweza kuendeshwa kwa pamoja kutoka foleni hiyo. Asiyebadilisha chochote hupata kikomo cha 1. Kwa kazi zinazotakiwa kufuatana hilo ni jambo jema. Lakini mtu wa idara nyingine akituma ripoti ya dakika 90 kwenye foleni hiyohiyo saa 5 usiku, kazi ya mishahara iliyo nyuma yake inasimama dakika 90. Mashine yenyewe inaweza kuwa karibu haina kazi, na ndiyo maana watazamaji huchanganyikiwa: kichakataji kinatumika asilimia 5 na kazi haiendi.

Foleni pia inaweza kuwa imezuiwa, mara nyingi na mtu aliyekuwa akifanya matengenezo akasahau kuifungulia. Mfumo mdogo wenyewe unaweza kuwa haujawashwa baada ya nakala rudufu, kwa sababu nakala kamili huhitaji mifumo midogo izimwe kwanza, na programu ya kuiwasha tena ikishindwa hakuna anayejua hadi asubuhi.

Wakati mwingine kinachosubiriwa kiko mbali. Kazi nyingi za usiku huanza faili fulani linapowasili kutoka kwingine. Nchi za Afrika Mashariki hazibadilishi saa kufuata majira, lakini Ulaya hubadilisha. Faili linalotumwa London saa 12 jioni kwa saa za huko hufika Nairobi au Dar es Salaam saa 2 usiku wakati wa kiangazi cha Ulaya, na saa 3 usiku kuanzia mwisho wa Oktoba. Kazi inayolisubiri "inachelewa" saa nzima kuanzia usiku mmoja, ingawa hapa hakuna aliyegusa chochote. Ucheleweshaji unaotokea mwisho wa Oktoba na kutoweka mwisho wa Machi ni vizuri upimwe kwanza kwa kalenda.

Kufuli

Programu inaposoma rekodi kwa nia ya kuibadilisha, mfumo huifunga rekodi hiyo ili programu nyingine isiibadilishe wakati huohuo. Kufuli huachiwa rekodi inapoandikwa au muamala unapokamilishwa. Mchana kufuli hudumu sehemu ndogo ya sekunde. Usiku shida hutoka kwa mtu aliyefungua rekodi ya mteja kwenye skrini saa 11 jioni, akaacha skrini wazi na kwenda nyumbani.

Faili likitengenezwa bila maelekezo mengine, kazi hungoja rekodi iliyofungwa kwa sekunde 60 kabla ya kupewa kosa. Programu nyingine hukatika hapo, na kosa hilo angalau linaonekana. Programu iliyoandikwa kwa uangalifu zaidi huruka rekodi hiyo na kuendelea, au hujaribu tena. Hesabu yake ni rahisi: rekodi 40 zilizofungwa, kila moja ikisubiriwa sekunde 60, ni dakika 40 zilizopotea. Uangalifu wa mwandishi wa programu ndio unaoficha chanzo, kwa kuwa mwisho wake kazi inakamilika salama.

Chaguo la 12 la WRKJOB huonyesha kufuli ambazo kazi inazishikilia au kuzisubiri, na WRKOBJLCK huonyesha nani ameshikilia kitu fulani. Zote mbili zinafaa tu wakati tatizo linaendelea. Asubuhi kufuli zimeshaachiwa na hakuna alama iliyobaki, isipokuwa ujumbe katika kumbukumbu za kazi, ambazo mfumo huweza kuwa umeagizwa kuzifuta kazi inapoisha vizuri. Ni akiba mbaya. Kumbukumbu za kazi za usiku huchukua nafasi ndogo, na bila hizo mchunguzi anabaki kubahatisha.

Hali ya MSGW ni ndugu ya kufuli. Programu imeuliza swali, kwa mfano kama iendelee au isimame baada ya kosa, na inangoja jibu katika foleni ya ujumbe ya QSYSOPR. Hakuna mtu usiku, kwa hiyo inangoja hadi mwendeshaji wa asubuhi ajibu. Maswali yanayojulikana yanaweza kuwekewa majibu ya moja kwa moja, ingawa kujibu kila swali hivyo ni hatari, kwa maana mfumo utapita juu ya kosa la kweli na kuendelea kuandika hesabu mbovu.

Hifadhidata

Ikiwa kazi kweli inafanya kazi lakini kazi imekuwa nyingi, mahali pa kutazama ni faharasa. Swali linaloweza kujibiwa kwa faharasa husoma rekodi chache. Bila faharasa, mfumo husoma faili zima. Katika faili la rekodi milioni 20 tofauti hiyo ni kati ya sekunde na saa.

Hapa pana chanzo kimoja ambacho huwasumbua hata wazoefu. Mfumo unapoona swali fulani linarudiwa na hakuna faharasa ya kulisaidia, unaweza kujitengenezea faharasa ya muda na kuitunza. Programu zinakwenda vizuri kwa miezi, na hakuna anayejua kwamba zinategemea msaada huo. Kisha mashine inazimwa na kuwashwa upya Jumapili kwa matengenezo. Faharasa za muda zinapotea. Usiku wa Jumatatu kazi inatambaa, na usiku wa Jumatano, baada ya mfumo kuzijenga tena, inarudi kawaida. Lawama huangukia matengenezo ya Jumapili, na matengenezo hayana kosa. Tiba ni kutengeneza faharasa ya kudumu, ambayo mfumo wenyewe huipendekeza katika orodha yake ya mapendekezo ya faharasa.

Jambo jingine ni daftari la mabadiliko, ambamo kila badiliko la rekodi huandikwa ili data iweze kurejeshwa baada ya ajali. Kampuni zenye mashine ya akiba katika mji mwingine hutuma daftari hilo huko kwa mtandao. Utumaji ukipangwa ili kila badiliko lisubiri uthibitisho wa upande wa pili, kasi ya kazi inafuata kasi ya mtandao. Kazi inayobadilisha rekodi milioni moja, ikingoja elfu moja ya sekunde kwa kila rekodi, imeongezewa zaidi ya dakika 16. Mtandao ukizidi kuwa mzito kidogo, kazi inazidi sana.

Kumbukumbu, diski na majirani

Fungu la kumbukumbu likiwa dogo kuliko mahitaji, mfumo hutumia muda mwingi kuleta kurasa kutoka diski. WRKSYSSTS huonyesha hesabu hizo kwa kila fungu. Mfumo unaweza kuagizwa kuhamisha kumbukumbu wenyewe kati ya mafungu, lakini marekebisho hayo huja taratibu, na mabadiliko ya ghafla kati ya mchana na usiku huweza kuuacha nyuma kwa muda.

Kwa upande wa diski, kadi nyingi za kuzidhibiti zina kumbukumbu ya kuandikia inayolindwa na betri. Data huandikwa kwanza humo, na kazi inaendelea bila kungoja diski. Betri ikichoka, kadi huacha kutumia kumbukumbu hiyo ili data isipotee umeme ukikatika, na kila uandishi sasa hungoja diski yenyewe. Hakuna kinachoharibika, hakuna kazi inayokatika. Mashine nzima inakuwa nzito tu, na kazi zinazoandika sana ndizo zinazoumia kwanza. Mara nyingi onyo lilitolewa wiki kadhaa kabla, likazama katikati ya mamia ya ujumbe mwingine.

Mashine za sasa hugawanywa katika sehemu kadhaa zinazotumia vichakataji kwa pamoja. Sehemu inaweza kuruhusiwa kutumia nguvu ambayo majirani hawaihitaji. Kampuni huzoea kasi hiyo ya bure na kupanga ratiba ya usiku kwa kuitegemea, mpaka jirani naye aanze kazi zake usiku.

Kikomo cha kazi za skrini

Chanzo cha ajabu kuliko vyote kilikuwa cha kibiashara. Mwishoni mwa miaka ya 1990 IBM iliuza aina za AS/400 ambazo nguvu ya kuhudumia kazi za skrini ilinunuliwa kando, na ilikuwa ghali. Kazi za skrini zilipovuka kiwango kilicholipiwa, kazi za ndani za mfumo zenye jina CFINT zilijitokeza na kula muda wa kichakataji. Adhabu hiyo haikuwaangukia watumiaji wa skrini peke yao. Kazi za mkupuo zilizoendeshwa wakati huohuo zilipunguzwa kasi pia. Ilitosha watumiaji wachache kuendesha maulizo mazito kutoka skrini zao.

Mwendeshaji aliyetazama WRKACTJOB hakuona mkosaji, kwa kuwa amri hiyo haionyeshi kazi za ndani za mfumo. Dalili pekee ilikuwa kwamba muda wa kichakataji wa kazi zote ukijumlishwa haukufikia jumla iliyoonyeshwa juu ya skrini. WRKSYSACT, iliyokuja na zana za kupima utendaji, ndiyo iliyoonyesha CFINT kwa jina. Mwaka 2003 IBM ilibadilisha namna ya kuuza nguvu hiyo, na tatizo likaanza kupungua, ingawa tofauti ya hesabu kati ya jumla na kazi zinazoonekana bado ni dalili inayofaa kutafutwa kwenye mashine yoyote.

Kulinganisha na usiku mwingine

Takwimu za usiku mmoja hazina maana kubwa bila za usiku mzuri. Mfumo huandika zenyewe katika daftari la historia la QHST. Ujumbe CPF1124 hurekodi kuanza kwa kazi pamoja na wakati ilipoingia mfumo, na CPF1164 hurekodi kumalizika kwake pamoja na sekunde za kichakataji ilizotumia. Amri ya DSPLOG inaweza kuchuja ujumbe huo miwili kwa kazi moja na kutoa jedwali la wiki kadhaa.

Kazi ikiingia foleni kwa wakati wake na kuanza kuchelewa, uchunguzi uishie kwenye foleni. Ikianza kwa wakati na kutumia sekunde zilezile za kichakataji huku ikichukua saa nyingi zaidi, imengoja kufuli, diski, mtandao au mtu. Sekunde zikipanda polepole mwezi kwa mwezi, data inakua. Zikiruka mara tano usiku mmoja, njia ya kuifikia data imebadilika. Kwa kungoja kusikoelezeka kwa njia hizi kuna zana ya Job Watcher, ambayo huchukua picha za kazi kila baada ya sekunde chache na kugawa muda wake wote kwa aina ya kungoja. Inapaswa kuwashwa kabla ya kazi kuanza. Daftari la QHST nalo husafishwa kila baada ya siku kadhaa katika kampuni nyingi, kwa hiyo kumbukumbu za usiku mzuri huhifadhiwa kabla hazijahitajika.